Vidole Safi

4 Februari

Mteja Mpendwa,

Asante kwa kutuchagua.

Ombi lako la kuongeza muda wa leseni ya udereva limeshindikana kwa sababu ifuatayo: ALAMA ZA VIDOLE HAZISOMEKI. Unashauriwa kufika tena katika tawi letu ukiwa na vidole safi na vikavu. Tunakukumbusha kwamba leseni yako inaisha tarehe 31 Machi.

Furaha yako ndiyo safari yetu.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu

*

11 Februari

Kitindamimba,

Barua yako nimeipata. Haikuwa na shikamoo.

Mteja Mpendwa! Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni mama akiwa kazini, niliyekufuta kamasi kwa upindo wa gauni langu, leo ni mteja wako, tena mpendwa. Na unanishukuru kwa kuwachagua. Nimewachagua lini? Serikali ilifunga ofisi ya leseni Ijumaa, Jumatatu tukawakuta ninyi mmekaa juu ya duka la viatu, na kiyoyozi na maua ya plastiki. Anayetaka leseni hana pengine pa kwenda. Kukaa mlangoni mwa mtu si kuchaguliwa.

Halafu vidole safi. Nikueleze habari za vidole vyangu, maana inaonekana huko makao makuu mmevisahau. Kila nikimfikisha mgonjwa hospitalini, nafungua milango ya nyuma ya gari, namwaga maji ya klorini, nasugua. Damu, matapishi, maji ya uzazi. Glavu zikiwepo navaa, zisipokuwepo nasugua hivyo hivyo, na mara nyingi hazipo. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Vidole gumba vyangu vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hakuna mikono misafi kuliko yangu katika mji huu, na ndiyo maana mashine yenu haioni kitu.

Ofisi ya zamani siisifii. Karani wa pale alikuwa mvivu, anakunywa chai mpaka kikombe kinamchoka, na faili langu alilipoteza mara mbili. Lakini alikuwa na macho. Unasimama mbele yake, anatazama picha, anakutazama wewe, anasema, "Ndiye, ila umenenepa," anagonga muhuri. Akikuudhi unamgombeza mpaka mkubwa wake anatoka ndani. Ninyi nimgombeze nani? Yule binti wa dirishani ananisomea maneno ya kwenye kompyuta. Nikipaza sauti ananiambia, "Mama, mfumo umekataa." Mfumo ni nani? Ana wazazi huyo?

Simu zangu hupokei. Kwa hiyo naandika, na bahasha nampa dereva wa basi aikabidhi kwa mlinzi wenu. Barua huwezi kuikata.

Sasa sikiliza. Mganga mkuu ameniambia bila kunizungusha: bila leseni sigusi usukani, napelekwa chumba cha kufulia mashuka. Hospitali ina gari moja la wagonjwa na mtu mmoja anayelijua. Gia ya pili haiingii mpaka ukanyage klachi mara mbili, na wewe unajua hilo kwa sababu nilikufundisha kuendesha humo humo, uani kwa hospitali, nikihatarisha kazi yangu. Nirekebishie jambo hili. Wewe ndiye mkubwa wao.

Dada yako

Nimesahau. Gari lenyewe mmelikagua wiki iliyopita, maana na ukaguzi nao mmepewa. Tairi zina upara mpaka nyuzi zinachungulia. Limepita, limebandikwa stika. Tairi zenye upara zimefaulu, vidole vyenye upara vimefeli.

*

19 Februari

Shikamoo dada,

Nakuomba radhi sana, na usiwe na hasira kabla hujamaliza kusoma.

Barua ile sikuiandika mimi. Mfumo unaandika wenyewe. Sahihi yangu imehifadhiwa ndani na inajichapa kila barua inapotoka. Zinatoka mamia kwa siku. Sikujua kwamba moja ni yako, na nilipoiona ndani ya bahasha uliyonirudishia nilifunga mlango wa ofisi.

Lakini elewa na upande wetu. Zamani leseni zilikuwa zinauzwa kama karanga, mtu mmoja ana leseni tatu kwa majina matatu. Serikali ikatupa kazi hii ili mambo hayo yakome, na mkataba unasema leseni haitoki bila kidole. Hakuna kitufe cha kusema, "Huyu namjua." Nimekitafuta, hakipo.

Wataalamu wetu wanashauri upake glisirini usiku, usugue kidole kwa limau, na uipumzishe mikono na dawa kwa wiki mbili.

Nina ombi moja. Usimwambie mtu yeyote pale tawini kwamba sisi ni ndugu. Huku kuna kanuni kali kuhusu jamaa za wafanyakazi. Niachie mimi, nitajua la kufanya.

Mdogo wako

*

4 Machi

Kitindamimba,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba nimeiweka kabatini kwanza. Utaipata siku utakayoistahili.

Nimewatii wataalamu wenu. Nimepaka glisirini, nimelala na soksi mikononi kama mwendawazimu. Limau limeniingia kwenye mipasuko nikaona nyota. Muuguzi wangu, yule anayekaa nyuma na wagonjwa, amekubali kusugua gari badala yangu, na sasa mgongo unamuuma. Nimepanda ngazi za duka la viatu mara nne. Binti ananifuta kidole kwa kitambaa, anakibana kwenye kioo, taa inawaka nyekundu. Mara ya nne alikibana mpaka nikamwambia, mwanangu, hicho ni kidole, si jipu.

Sasa nikwambie usiyoyaona wewe uliye ghorofani. Mle tawini kuna benchi ukutani, karibu na mtungi wa maji usio na maji. Tukikataliwa tunaambiwa tukae pale, mfumo ukitulia tutaitwa. Yupo fundi mwashi anayeendesha lori lake la mchanga, saruji imemla vidole. Yupo mama dobi aliyejikamua akanunua pikipiki ya kupelekea nguo za watu. Yupo mzee mpaka chokaa, yeye hata hasemi, anakaa tu na kofia magotini. Benchi zima hakuna hata mmoja anayefanya kazi ya kukaa kitini. Mashine yenu inawatambua vizuri wale wasioshika kitu. Ndiyo elimu niliyoachia shule ili wewe uipate?

Wameniita mwenyekiti wa benchi. Wananitania, "Mama King'ora, wewe ukipiga kelele magari yanapisha, hebu tupigie na hapa." Sijawaambia kuwa mwenye sahihi ile ni ndugu yangu. Nimeficha kwa sababu uliniomba, na ninajiona mchafu. Fundi mwashi anatembea na barua yake mfukoni. Kila akiitoa anaitukana sahihi yako pamoja na mama aliyeizaa. Mama huyo ni mama yangu, marehemu, na mimi nainama natazama viatu.

Ulisema nikuachie. Nimekuachia. Machi inakwisha.

Dada yako

*

13 Machi

Shikamoo dada,

Jumamosi tarehe 22 nakuja tawi la kwenu kwa ukaguzi. Fika asubuhi. Usiniite kwa jina la nyumbani. Ukiitwa, nenda dirisha la mwisho, usiende jingine. Weka kidole, tazama kamera, usiseme neno. Ukimaliza ondoka.

Ichome barua hii.

Mdogo wako

*

26 Machi

Kitindamimba,

Sikuichoma. Katika nyumba yetu hatuchomi barua za ndugu, hata zikiwa mbaya.

Leseni ninayo. Taa ya kijani iliwaka. Nilishuka zile ngazi nikicheka peke yangu, nikanunua na viatu pale chini ambavyo sivihitaji. Nilimwonyesha mganga mkuu leseni kabla hajaniamkia. Gari limebaki langu. Kwa hilo nashukuru, tena kwa moyo, na leo ningekupa marahaba yako kama hadithi ingeishia hapo.

Haikuishia hapo. Nilipanda tena na viatu vyangu mkononi, nikawaambia wa benchi, "Mashine ya dirisha la mwisho imetengenezwa, nendeni upesi!" Fundi mwashi alinishika mikono miwili kunishukuru. Akaenda, nyekundu. Mama dobi akaenda, nyekundu. Mzee wa chokaa aliweka vidole vyote kumi, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayetoa salamu kwenye msiba, na vyote nyekundu. Wewe ulikuwa umeshaondoka kwa mlango wa nyuma. Waligeuka wakanitazama. Mama dobi akasema, "Kumbe mwenyekiti ana mlango wake." Nikashuka ngazi mara ya pili, bila kicheko.

Sasa nakuuliza. Yule binti ulimtuma maji ya kunywa, na unajua mtungi ni mkavu, ulimtuma mbali. Ukainama juu ya mashine, ukaniambia nifumbe macho, kuna vumbi unalipuliza. Nilifumba kama mtoto. Nilipofumbua taa ilikuwa ya kijani. Ulifanya nini pale?

Dada yako

*

3 Aprili

Shikamoo dada,

Mambo ya ufundi ni marefu na hayana faida kwako. Leseni unayo, endesha gari.

Usiwapeleke tena watu dirisha la mwisho. Binti wa pale ameanza kuniuliza maswali.

Na nikuseme kidogo, maana na mimi nina moyo. Tangu utotoni, ukipewa kitu lazima ukigeuze utafute kilipotoboka. Nimesafiri siku nzima kwa ajili yako. Ungesema asante ukanyamaza, ungepungukiwa na nini?

Mdogo wako

*

28 Aprili

Mteja Mpendwa,

Asante kwa kutuchagua.

Uchunguzi wetu umebaini kwamba alama ya kidole iliyomo katika rekodi yako si yako. Leseni yako imefutwa kwa sababu ifuatayo: UDANGANYIFU. Shauri lako limekabidhiwa kwa polisi.

Furaha yako ndiyo safari yetu.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu

*

30 Aprili

Wewe,

Leo sikuiti jina.

Ijumaa jioni tulimchukua mama mjamzito kutoka zahanati ya mbali. Alikuwa anatoka damu. Muuguzi wangu yuko nyuma naye, mimi king'ora nimekiwasha tangu tunatoka. Kwenye njia panda ya kuingia mjini tukakuta kizuizi. Trafiki wa pale ananijua, akaanza kuondoa kigingi. Lakini safari hii alikuwa na mwenzake, wakala wenu, kizibao cha njano, mashine ya vidole mkononi. Nikamwambia nina mgonjwa mahututi. Akasema, "Sekunde mbili tu, mama."

Nikaweka kidole. HAILINGANI. Nikaweka kingine. HAILINGANI. Akanifuta, akanipulizia, akanibana. Trafiki akamwambia, "Mwachie, huyu namjua miaka yote." Wakala akamjibu kwamba kujuana hakumo kwenye mashine, na mashine ikikataa gari haliondoki na dereva huyo, ndivyo mlivyomfunza. Akachomoa ufunguo. Muuguzi akafungua mlango wa nyuma, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko, akawatukana matusi ambayo sikujua anayajua.

Ndipo huyo wakala akaamua ataendesha yeye, kwa kuwa leseni yake inasomeka. Mlima wa hospitali ukamshinda. Gari likazima. Mimi kwenye kiti cha abiria napiga kelele, "Kanyaga mara mbili! Mara mbili!" na yeye anaikwaruza gia kama anakuna sufuria. Likazima tena, likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono, nikamsukumia mlangoni, nikashika usukani na kidole changu kilichokataliwa, nikapanda.

Mama amepona. Mtoto hakulia.

Gari nililiosha mwenyewe. Nilikataa kusaidiwa.

Halafu siku ya nne naletewa barua, Mteja Mpendwa, na sahihi yako, ile ile, hata haikutetemeka. Udanganyifu! Mimi ambaye sijawahi kubandika hata stempu iliyotumika. Kidole cha nani kipo kwenye leseni yangu? Usiniletee mambo ya ufundi. Nijibu kama mtu aliyezaliwa na mama yangu.

Dada yako, kwa sababu hilo haliwezi kufutwa na mfumo

*

6 Mei

Shikamoo dada,

Ni kidole changu.

Nilipoona taa nyekundu imewaka tena mbele yako, nikakuona kwenye kile chumba cha mashuka, umeinama juu ya beseni. Kitufe sikuwa nacho, kidole nilikuwa nacho. Nikakitumia. Siku ile mashine za mkononi hazikuwepo, zimeletwa Aprili, na hata mimi nilisikia zikiwa zimeshagawiwa. Nilidhani leseni ni kitu cha kukaa mfukoni. Naapa sikudhani kuna siku kidole kitadaiwa barabarani. Habari ya mtoto yule imeniondolea usingizi.

Lakini yaliyobaki uyasikilize kwa utulivu. Wakili wa kampuni anajua. Vidole vyetu sisi wafanyakazi vimo kwenye mfumo, ndivyo tunavyofungulia milango ya ofisi, kwa hiyo jina langu lilitokea mara moja. Anasema habari hii ikitoka, serikali itavunja mkataba. Wameamua kusema kwamba binti wa dirisha la mwisho ndiye aliyefanya, kwa sababu siku ile mashine ilikuwa mikononi mwake. Wameshamfukuza. Wanataka wewe ukubali mahakamani kwamba mlielewana naye. Utatozwa faini, kampuni italipa kimya kimya, mambo yatapoa, na baada ya mwaka nitakutafutia njia nyingine.

Dada, nina watoto wawili na nyumba haijaezekwa. Umenibeba tangu nimezaliwa. Nibebe mara hii ya mwisho.

Mdogo wako

*

15 Mei

Kitindamimba,

Nimekusoma mara tatu nikitafuta mahali ulipomtaja yule binti kama mtu. Sikupaona. Ni mtoto wa mtu yule. Alikwenda kukutafutia maji, akarudi akakuta amekuwa mwizi.

Na mimi niseme mlielewana! Nisimame mbele ya hakimu, kwa kinywa hiki, nimtwike yeye mzigo wako? Wamekuloga au ndivyo ulivyokuwa siku zote na mimi mapenzi yalinipofusha? Ukubwa ni jaa, kila takataka hutupwa humo, na zako nimezipokea tangu ukiwa huna meno. Ulivunja kioo cha jirani, nikasema ni mimi. Ulifeli mtihani, nikamwambia mama ulikuwa mgonjwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ndiyo hivyo, leo nalia. Lakini hili silipokei. Jaa limejaa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakukijua chako. Kimevunja kazi yangu, kimemvunja binti wa watu, na kile kitanda cha mtoto ambacho yule mama alikwishakiandaa nyumbani sijui nikitie katika hesabu ya nani.

Jumanne walinikamata. Hospitalini, mbele ya wagonjwa. Kituoni wakanichukua alama za vidole. Hapakuwa na mashine, palikuwa na kibao cha wino na karatasi. Afande akakigandamiza kidole, likatoka doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja, kama tone la lami. Nikamwambia, haisomeki hiyo. Akasema, "Inatosha, mama." Inatosha! Niliangua kicheko mpaka wakadhani nimerukwa na akili. Kidole changu kinatosha kunifunga. Kuendesha tu ndiko hakitoshi.

Unajua nani aliyenidhamini? Fundi mwashi. Benchi zima lilikuja, hata mzee wa chokaa. Nikaona sistahili kudhaminiwa na watu niliowaficha, nikawaambia pale pale kituoni: bwana wa sahihi ile ni mdogo wangu, na kidole kilichonipa leseni sasa najua ni chake. Kisha fundi mwashi akavua kofia, akasema, "Basi naomba radhi kwa yale niliyomsema mama yenu." Hakuuliza kitu kingine. Akaweka dole gumba lake kwenye wino, akanidhamini.

Kesi itasikilizwa tarehe 2 Juni, saa tatu asubuhi. Mimi sitasema uongo wenu, na wala sitakutaja mbele ya hakimu. Kukutaja ni kazi yako. Ukitaka njoo, ukitaka baki ghorofani na kiyoyozi chako. Lakini ukija, usije na wakili, usije na bahasha. Njoo na kidole chako.

Dada yako

*

5 Juni
Rumande

Shikamoo dada,

Karatasi hii nimepewa na askari mmoja mwema. Nitaandika kidogo.

Pale mahakamani hatukupata nafasi ya kusemezana, na ulikuwa umenigeuzia mgongo. Nataka ujue yaliyotangulia. Siku moja kabla ya kesi, wakili aliniletea maelezo yaliyochapwa tayari, kwamba nilifanya ukaguzi nikagundua wewe na binti yule mmekula njama. Akaniambia nitie sahihi. Nikamwambia, si muitie kama mnavyotia nyingine zote? Mfumo unayo. Akasema hii haiwezekani, hii inahitaji mkono wa mtu mwenyewe, kwa sababu mahakama itauliza nani alisema.

Dada, miaka mitatu sahihi yangu imewakataa watu na sikuulizwa hata siku moja nani alisema. Nilishika kalamu nikashindwa. Niliiacha mezani, nikachukua basi la usiku. Nilipofika mbele ya hakimu sikuwa na hotuba. Nilisema kidole ni changu, nikainua mkono, ndiyo yote uliyoyasikia.

Binti amekuja kuniona. Hakunisamehe. Alisema ameitwa aanze kazi tena na amekataa.

Hapa kabla ya kuingia kuna mashine ya vidole. Ni ya kampuni yetu, sikujua kama tunazo na huku. Ilinisoma mara moja.

Najua bado una hasira. Sikuombi uzipunguze.

Mdogo wako

*

21 Juni

Kitindamimba,

Hasira ninazo, tena zimenenepa, na nitakueleza kwa nini.

Kesi yangu imefutwa, hakimu amesema sina hatia. Niliondoka pale nikapitiliza mpaka juu ya duka la viatu, na benchi zima nyuma yangu, nikaweka kidole mbele ya kila mtu. Nyekundu. Nikamwambia binti mpya wa dirishani, mwanangu, mahakama imenisafisha. Akatazama kompyuta akaniambia, "Mama, mfumo umekataa." Kwa hiyo sina hatia na sina leseni. Niko chumba cha mashuka. Nasugua kwa klorini asubuhi mpaka jioni, na vidole sasa havina hata kumbukumbu. Gari limeegeshwa chini ya dirisha langu. Hospitali imepewa dereva mwenye vidole vizuri. Jana nilimsikia anaikwaruza ile gia, nikatoka na mapovu mikononi, nikamfundisha kukanyaga mara mbili. Hana kosa, ni mtu wa heshima. Nilimfundisha nikiwa nimekasirika mpaka machozi yakanitoka, akadhani ni sabuni.

Benchi tumelitoa nje. Kweli, fundi mwashi na wenzake walilibeba wakalishusha ngazi, na sasa tunakaa barabarani mbele ya duka la viatu kila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko. Tumefika watu arobaini na kitu. Mwenye duka alitufukuza, halafu akaja akanyoosha mikono yake mbele yetu tuitazame. Yeye ni mshona viatu wa tangu zamani. Leseni yake inaisha Agosti.

Na leo asubuhi nimeletewa barua. Nakubandikia hapa uisome mwenyewe:

"Mteja Mpendwa, Asante kwa kutuchagua. Ombi lako limeshindikana kwa sababu ifuatayo: ALAMA ZA VIDOLE HAZISOMEKI. Unashauriwa kufika tena ukiwa na vidole safi na vikavu. Furaha yako ndiyo safari yetu."

Tazama chini. Sahihi ni yako. Wamekufukuza, wamekukana kwenye magazeti, umelala sakafuni rumande, na bado unanikataa. Hawakukumbuka hata kuitoa. Mama dobi naye kapata yake, na mzee wa chokaa, zote umezitia sahihi wewe. Niliisoma nikatukana kwa sauti, kisha nikakaa kitako juu ya lundo la mashuka, kwa sababu nilikumbuka kwamba mkono wako halisi uliiacha ile kalamu mezani.

Kwa hiyo ichukue: marahaba. Marahaba, mdogo wangu.

Mengine yote bado nakudai, na tukionana nitakugombeza, uandae masikio. Jumapili nakuja kukuona. Nimeulizia pale mlangoni kama mgeni lazima asomwe na ile mashine yenu. Askari amesema nikishindwa nisiwe na wasiwasi, wana kibao cha wino.

Dada yako